Tripsini wa Cornelia Akosa Kazi

Cornelia alikuwa anasugua sufuria kwa majivu alipohisi tumbo limekuwa jepesi. Akageuka. Tripsini wake, kile kimeng'enya cha kukata protini, alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya mafiga, kimo cha mtetea, mdomo kama mkasi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umetoka?"

"Humo ndani hakuna kazi. Protini ni kama shanga zilizotungwa, na mimi sikati popote. Nangoja ipite shanga iitwayo lysini au arginini, ndipo nakata nyuma yake tu. Lakini wewe ni ugali wa mahindi na majani ya maboga, siku nenda siku rudi. Lysini humo ni wa kutafuta kwa tochi. Wale samaki wa Kasanga, migebuka, huwa wanakwenda wapi?"

"Ni wa Baba Zenon."

Cornelia akampa mboga akate. Tripsini akaigeuza, akaona haimhusu, akaingia sebuleni kutembea.

Mumewe, Oswaldi, ndiye Baba Zenon, mwenyekiti wa kamati ya lishe ya kijiji, alirudi kutoka kuwahimiza akina mama kula samaki. Akaikuta rozari yake mezani, vipande vipande, kila kipande kimekatwa nyuma ya shanga kubwa ya Baba Yetu.

"Nani kafanya hivi?"

"Tripsini wangu," Cornelia alisema. "Hana kazi."

"Unisamehe, baba. Zile kubwa nilizifananisha na lysini."

Oswaldi akavuta kiti. "Na wangu yuko wapi?"

"Niko kazini," sauti ikajibu kutoka tumboni mwake. "Samaki wa jana hajaisha."

Oswaldi akafikiri. Cornelia alisimama mlangoni, akijiambia kwamba hata mkia wa samaki ungemtosha.

"Haifai mtu akae bure," Oswaldi alisema mwishowe. "Lete mgebuka."

Akamketisha tripsini kando ya sahani yake. Tripsini alipowaona lysini wamejipanga, machozi yakamlenga. Akakata, Oswaldi akameza, na kile kiungulia chake cha miaka kikatulia.

"Mama Zenon," alisema kwa upole, "kesho nitaieleza kamati jinsi mama anavyoweza kuchangia lishe ya kaya."

"Sawa, Baba Zenon."

Cornelia akarudi jikoni kula ugali wake. Tangu hapo tripsini hurudi tumboni mwa Cornelia jioni, kulala tu. Asubuhi humwamkia, kisha huenda kazini, sebuleni.