Gunzi kwenye Chupa

Panga lilimkuta Zuber amechuchumaa, akifuta spana. Lilimpata juu ya kiwiko. Kwanza alisikia baridi, kisha damu ikafuata.

"Umemvunja mke wangu!" Wilson alifoka. "Pedali imezama mpaka chini, mteremko wote wa Ikuti! Esnath miguu yote miwili, fundi! Yote miwili!"

Nyuma yake lilikuwa gari lake la familia, limevutwa kwa kamba na trekta la chai, pua imebonyea, majani ya mgomba yamekwama kwenye taa. Jumamosi tu Zuber alikuwa amelibadilishia mafuta ya breki.

Panga likapanda tena. Zuber alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga mlango wa gari. Hakuwa na pa kukimbilia, akaingia ndani, na mguu wake wa kifundi ukakanyaga breki. Pedali ilikuwa ngumu kama jiwe.

"Baba Lusungu," alimwita Wilson, "njoo ukanyage hapa."

"Nitakukanyaga wewe!"

Wilson alimkamata ukosi, akamburuta nje, akamkandamiza shingo juu ya boneti. Makali yakagusa sikio.

"Ilizama ikiwa na moto," Zuber alisema polepole. "Sasa imepoa, imerudi. Mafuta yangevuja, isingerudi. Yalichemka, maana yalikuwa na maji."

"Ukayatia maji, mshenzi!"

"Sikutia. Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa yenyewe. Ile chupa uliyoniletea, ilikaa wapi?"

"Stoo. Tangu mwaka juzi."

"Na kifuniko?"

Wilson aligeukia rafu ya fundi. Chupa ilikuwa bado pale rafuni, nusu, imezibwa kwa gunzi la mahindi. Na nyumba za Rungwe kila mtu anazijua: hata chumvi hugeuka maji ndani ya kopo.

Shingo ikaachiwa. Panga likashuka kwenye kioo cha mbele, kwenye taa, kwenye boneti, Wilson akilia, mpaka mpini ukavunjika. Akaanza kugonga paji la uso kwenye bati la gari. Zuber akamvuta kwa mkono mzima.

"Ni mimi," Wilson alisema. "Nimemvunja mimi."

Zuber angeweza kuishia hapo.

"Gunzi nililiona Jumamosi. Nikajua si salama. Ulikuwa na haraka, nikaona haya kukutuma dukani ukanunue mpya. Nikamimina."

Ngumi ilimpasua mdomo. Akaanguka kwenye matope, akatema jino. Wilson alisimama juu yake, ngumi nyingine tayari.

"Hiyo ngumi ni haki yangu," Zuber alisema kutoka chini. "Lakini jeraha la panga tugawane, kosa ni letu wote."

Wilson aliutazama ule mkono unaotiririka damu. Akavua shati, akalichana kwa meno, akaufunga, akikaza kwa hasira mpaka Zuber akapiga ukelele.

"Nyamaza! Tunakwenda hospitali. Tutamwambia Esnath wote wawili. Naanza mimi, wewe unafuata."