Nilivyoilinda Safari ya Sapporo

Kwetu Bukavu safari haitangazwi. Unafunga sanduku kimyakimya, unapanda ndege, na watu wanapata habari ukishafika na kutuma picha. Ukitangaza mapema, wenye kijicho wanaifunga. Mume wangu Hénock aliamini hivyo kuliko alivyoamini mahubiri, nami sikuwa na ubishi, maana nimeona safari za watu zikifia mdomoni.

Kwa hiyo Desemba 2017, barua ya mwaliko wa Sapporo ilipofika, alifunga mlango wa chumba chetu cha ukimbizini, Doornfontein, akateremsha sauti.

"Mama Gradi, hii safari tunaijua siye babili. Hata pasta, hapana. Muntu akiuliza, sema hakuna safari. Akiuliza tena, sema hakuna."

"Nimesikia, Papa Gradi."

Kazi yake ni kuchonga barafu. Karakana yao iko Kensington, mji huohuo tunaoishi, na wateja ni hoteli na maharusi. Kwa miaka sita amechonga bata maji wasiohesabika, na kila mara, kabla keki haijakatwa, shingo imeshaanguka na wahudumu wanapangusa maji. Sasa yeye na wenzake wawili walikuwa wamealikwa kwenye tamasha la sanamu za theluji huko Japani, mwanzoni mwa Februari. Wangepewa bonge la theluji refu kuliko mtu, na sanamu yao ingesimama wiki nzima, usiku na mchana, watu wakiizunguka. Wenzake wakamwachia achague umbo. Akachagua mama yake akitwanga sombe, majani ya muhogo, kwenye kinu. Mama huyo alifia njiani tukikimbia vita. Hatukumzika vizuri, wala hatuna picha yake hata moja. Hénock alimchora uso kwenye karatasi zangu za kukatia mitindo mpaka nikakosa za kazi. Sijawahi kuona mtu akitaka kitu namna ile. Ilinitia hofu.

Jumanne moja ya Januari nilikuwa kwenye cherehani, simu ikalia, namba imefichwa. Mwanamke, Kiingereza cha puani. Je, mume wako anasafiri kwenda Japani mwezi ujao? Nikasema moyoni, huyu ni Victorine wa kwaya, yule anayeigiza wazungu kanisani tukacheka. Amenusa kitu, sasa ananichokonoa.

"Hakuna safari," nikamwambia.

Akauliza tena, taratibu, kama nina uhakika.

"Mume wangu haendi popote."

Nikakata simu, nikacheka peke yangu. Nilijiona mwanamke wa maana.

Alhamisi ofisi ya viza ikamrudishia hati yake ya safari pamoja na karatasi: ombi limekataliwa, maelezo hayakuthibitishwa. Nilielewa papo hapo ile simu ilitoka wapi. Yeye hakuelewa.

"Eish, bameifunga," alisema. "Bameifunga, Mama Gradi!" Akaanza kuwataja mmoja mmoja: Victorine, André shemasi, hata mama mwenye nyumba.

Kesho yake nilimwambia naenda kununua vitambaa, nikaenda ofisi ile. Nikamwambia wa dirishani kwamba mwongo ni mimi, mume wangu ni mkweli. Nikapiga magoti kwenye vigae, mbele za watu, bila haya. Akasema uamuzi ukishatoka umetoka. Mume wangu aombe upya baada ya miezi sita.

"Miezi sita theluji itakuwa wapi?" nikamuuliza.

Mlinzi akaninyanyua kwa upole, na upole wake ndio ulioniliza.

Tamasha likafunguliwa bila Hénock. Alikaa kitandani, simu mkononi, akingoja picha za wenzake. Zilipoingia, nikachungulia begani kwake. Uso wa mama hawakuuweza peke yao. Walikuwa wamechonga bata maji.

Aliilaza simu kifudifudi kitandani. Kisha akanishika mkono.

"Kila muntu amenigeuka. Wewe tu njo ulifunga kinywa. Asante."

Hapo nilishindwa. Nikamweleza yote: ile simu, ile sauti ya puani, nilivyokata, hata nilivyocheka. Hakupiga kelele. Laiti angepiga. Aliuachia tu mkono wangu.

"Balikuuliza mara ngapi?"

"Mbili."

"Na ulijibu nini?"

"Vile ulinifundisha, Papa Gradi."