Kumtafuta Valentino kwa Fulgensi

Mjukuu wangu Valentino alichukuliwa na mto Kilombero mwaka ule wa mvua za El Nino, akivuka kwa mtumbwi kutoka shambani. Mtumbwi ulionekana umepinduka kwenye matete, yeye hakuonekana. Katika ukoo wetu, mtu ambaye maji hayakumrudisha huzikwa hata hivyo: hukatwa shina la mgomba lenye kimo chake, likavikwa sanda, likashushwa kaburini kwa sala. Pasipo hilo mama hanyoi nywele, na msiba hauishi.

Binti yangu Paulina, mama wa marehemu, alikataa.

"Simziki mtu aliye hai, Baba."

Majirani walikuwa wamemjaza maneno kwamba mwanawe hakufa, bali amefanywa msukule: amefichwa na mchawi ili amlimie bila ujira wala sauti. Hata mchawi walikuwa wamekwisha kumpata. Alikuwa Bibi Marsiana, mjane mzee wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, ambaye mpunga wake ulisalimika wakati wetu uliozea majini. Shamba lake lilikuwa mwinukoni, na kila mtu alilijua hilo. Mimi niliyefundisha shule ya misheni hata mvi zikaniota niliwaeleza mara nyingi, nao waliitikia kwa heshima, kisha wakaendelea kuamini walichoamini.

Mambo yalikuwa hivyo Fulgensi alipoleta mashine ya gemu kutoka Dar es Salaam na kuifunga kwenye televisheni ya banda lake la video, jirani na soko. Gemu lenyewe lilikuwa la mji ulioachwa. Mtu mmoja tu alikuwa hai, naye alipaswa kutafuta chakula, maji na mbao za kuzibia milango, huku wafu wakizurura barabarani. Mchezaji aliruhusiwa kwenda mtaa wowote na kuingia nyumba yoyote aliyoitaka. Vijana wa Ifakara waliliita "Misukule". Ursula, dada yake Valentino, alikuwa nyumbani kwa likizo ya kidato cha pili, na siku moja tukiwa mezani alituhadithia. Mama yake aliacha tonge mkononi.

Kesho yake Paulina alikwenda bandani pamoja naye, na kesho kutwa pia. Jioni moja niliwafuata.

"Shikamoo, Mwalimu!" Fulgensi alinipokea kwa bashasha. "Wazee hawalipi hapa, wakiogopa tu ndiyo wanalipa."

Paulina alikuwa benchi la mbele, nywele zisizonyolewa zimemsimama kichwani. Ursula alishika kidude cha kuchezea, naye hakufyatua risasi hata moja. Alimwongoza mtu wake akiwa ameinama, akapita nyuma ya kuta na magari mabovu, kati ya wafu wenyewe, wala hawakumgusa. Vijana waliokuwa nyuma yake walishindwa kuvumilia.

"Dada, piga! Unawasalimia?"

"Anawaombea huyo, si mnajua kwao ni watu wa kanisa!"

Ursula hakugeuka. Nakiri kwamba kifua kilinijaa. Mjukuu wangu alikuwa amebuni njia ambayo hakuna hata mmoja kati ya wale waropokaji aliyeiwazia.

"Ingia mle dukani, mwanangu," Paulina alisema.

"Mama, mle wamejaa."

"Ingia taratibu."

Nilipowaambia turudi nyumbani, Paulina alinijibu bila kuondoa macho kwenye kioo. "Umesalia mtaa wa nyuma ya kinu, Baba."

Basi tukauendea mtaa ule kiooni. Mlango wa kinu ulifunguka, akatoka kijana mwenye shati la buluu, bega moja limelegea. Valentino alivunjika bega utotoni, na halikupata kukaa sawa tena. Paulina alisimama.

"Ndiye! Tazama bega! Usimpige!"

Ursula hakumpiga. Kijana yule alimjia, akamrukia, na kioo kikawa chekundu.

"Umekufa, dada," alisema Fulgensi. "Pole."

Vijana walicheka. Mimi sikucheka. Niliona mbele yangu hesabu iliyosubiri kufanywa, nami sijapata kumwachia mwanafunzi hesabu nusu.

"Ianze upya," nilimwambia Ursula. "Mpeleke palepale."

Alimpeleka. Mlango ulifunguka, kijana akatoka kwa mguu uleule, akageuza shingo vilevile. Nikasema, tena. Mara hii Paulina alikichukua kidude mwenyewe, akasogea taratibu. Kijana akatoka, akageuza shingo, akamrukia. Paulina aliketi.

"Siye," alisema. "Valentino hakupata kutoka mlangoni bila kurudi kuchukua kitu alichosahau."

Nilipata furaha ya mwalimu ambaye jibu limepatikana. Haikudumu.

"Basi yuko kwa Marsiana," akasema, akainuka, akatoka nje.

Vijana walioshinda wakicheka hawakucheka tena. Walinyanyuka wakamfuata, na mmoja akang'oa fito ya ua akiwa njiani. Ursula alinitazama.

"Babu, mle kwenye gemu Mama alikuwa hamdhuru mtu."

Nilikaza mwendo kadiri magoti yalivyoniruhusu, nikakata kona kupitia ua wa kanisa, nikawatangulia.

Bibi Marsiana alikuwa kibarazani akipepeta mchele. Nilisimama mlangoni pake, fimbo yangu nimeikingamisha. Paulina alifika, na hata katika hali ile hakusahau malezi yake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mama. Umekuja na shule nzima?"

"Nimekuja kumtafuta mwanangu."

Marsiana aliuweka ungo chini. Aliwatazama vijana, kisha akanitazama mimi. "Na wewe Mwalimu, umekuja kutafuta nini?"

"Ataingia mama yake peke yake," nilisema. "Mwingine atapita juu yangu."

"Ingia, mama," Marsiana alimwambia. "Usiache hata chungu."

Tulisikia vyungu vikisogezwa, kitanda kikiburutwa, mbao za kihenge zikiondolewa moja moja. Watu walikuwa wakiongezeka.

"Misukule hawaonekani kwa macho matupu!" mmoja alipaza sauti. "Nyumba ichomwe, ndipo watatoka!"

"Wewe Deus," nilimwambia mwenye fito, "mimi ndiye niliyekufundisha kusoma. Weka hiyo chini."

Deus aliiweka chini. Wengine sikuwafundisha, nao walinitazama kama wanavyotazama kisiki kilichobaki barabarani.

Paulina alitoka akiwa na makapi ya mpunga kichwani.

"Hayumo."

"Amefichwa, mama! Huwezi kumwona!"

Aliwageukia. "Nimezunguka mji mzima wa wafu, nimeingia kila duka. Humu nimepapasa kwa mikono hii. Mimi ndiye niliyemzaa. Nikisema hayumo, nani kati yenu atasema yumo?"

Ndipo akanielekea mimi.

"Baba, yuko wapi basi?"

Jibu nililijua. Nilikuwa nimelitoa mchana na jioni tangu masika, kwa sauti ya darasani. Saa ile nilishusha fimbo tu.

Marsiana ndiye aliyemshika mkono. "Mtoni, mama," alisema taratibu. "Yuko mtoni."

Paulina alikaa chini kwenye vumbi, akalia kilio ambacho hakuwa amekilia tangu mtumbwi ulipopatikana. Watu waliondoka mmoja mmoja, si kwa aibu, ila kwa sababu hapakuwa na cha kutazama.

Tulizika Jumamosi. Mgomba niliukata mimi, na sanda ilifungwa na Bibi Marsiana, kwa kuwa Paulina alitaka iwe hivyo. Waliohudhuria hawakujaza hata ua. Usiku uleule mawe yalianza kupiga bati la mjane yule, na watupaji sikuwajua. Walipoona mwanga wa taa yangu walikimbia, na taa ikiingia ndani walirudi.

Bibi Marsiana aliamua kuhamia kijiji cha Mofu kwa kaka yake. Asubuhi ya safari lori lilisimama kando ya barabara, na utingo akagoma kuinua mizigo yake, akisema hagusi vitu vya mchawi. Nilimkaripia; akatazama pembeni. Paulina, kichwa kimenyolewa, aliinama akaliweka begani gunia la mchele.

"Huogopi, mama?" Marsiana alimtania. "Wasemao wanasema wafu ndio walioulima."

"Ni zito tu, Bibi," alisema Paulina, akapandisha jingine.

Lori liliondoka. Ursula aliuliza kama bibi angerudi wakati wa mavuno, na mama yake akamwambia achukue jembe, twende shambani.