Muhdhar Mmoja, Asili

Mume wangu Muhdhar alianza kujitafuta mwezi wa Rajabu, na tangu siku ile nyumba yetu ya Kibokoni haikukalika. Ustadh Mzamil wa Bondeni aliwaambia yeye na wenzake baada ya darsa kwamba kila alfajiri mtu akishaswali akae kitako kwenye msala wake na ajiulize swali moja tu: mimi ni nani? Siku arubaini, bila kukosa. Walioambiwa walikuwa watu thelathini. Ishirini na tisa walirudi nyumbani wakalala. Wangu akafanya.

Siku ya tisa akagundua kwamba hapendi biriani. Siku ya kumi na nne akagundua kwamba kicheko chake si chake, ni cha marehemu ami yake. Kila jioni aliniletea habari ya kitu kingine ambacho si yeye, nami nikikaanga bajia zangu huku najiuliza zamu yangu itafika lini. Niseme wazi: niliogopa. Tuliozwa na wazee miaka kumi na tisa iliyopita, na hakuna aliyetuuliza. Akijipata, huyo atakayempata atanitaka?

Siku ya arubaini simu yake ikalia. Ilikuwa taarifa ya mzigo kutoka Kilindini: kontena moja la futi ishirini, ndani yake "Muhdhar, mmoja, asili." Mpokeaji: yeye mwenyewe. Siku nne za kukaa bandarini bure, zikipita ni mnadani.

Mtu mwingine angezimia. Lakini Muhdhar ni wakala wa forodha, miaka ishirini na miwili kazi yake ni kutoa mizigo ya watu bandarini, na alichouliza ni kontena liko gati gani. Akachukua fomu, akakaa mezani, akafika pale penye "maelezo ya mzigo," na hapo ndipo alipoharibu.

Mume wangu hakuwahi kudanganya kwenye fomu, lakini pia hakuwahi kukiita kitu jina lake. Kitanda cha kuchonga alichokirithi mtu kwa nyanyake, yeye huandika "samani, mbao." Maneno makavu, yasiyomshtua afisa. Basi mkono ukaenda wenyewe kwa mazoea: "Mtu mzima, mpole, ametumika, hana matata."

Tulikwenda bandarini pamoja. Afisa wa ukaguzi aliitwa Loise, mwanamke wa miwani asiyekuwa na haraka. Alikata sili akafungua mlango. Ndani, juu ya kiti cha plastiki, aliketi Muhdhar. Sura ile ile, kanzu ile ile, kipara kile kile. Alikuwa akilia kwa sauti kwa sababu ya joto, na alipotuona akaacha kulia, akaanza kututukana kwa kuchelewa.

"Hapa imeandikwa mpole," akasema Loise. "Huyu si mpole. Mzigo haulingani na maelezo."

Akafunga.

Siku ya pili mume wangu akaandika "mcha Mungu, mvumilivu." Mlango ukafunguliwa, na yule wa ndani akasema ana mashaka mengi na hajawahi kuvumilia chochote, alinyamaza tu. Ukafungwa. Siku ya tatu akaandika ukurasa mzima. Loise aliusoma wote kwa heshima, kisha akauliza, "Mzee, haya ni maelezo ya mzigo au unaomba kazi?"

Siku ya nne ilikuwa Alhamisi, na mwisho ni saa kumi jioni. Nilikwenda naye tena. Dalali alikuwa amekwisha kubandika karatasi mlangoni mwa kontena, na wanunuzi wawili walikuja kuchungulia. Mmoja akauliza kama spea zake zapatikana Mombasa.

"Nipe hapa!" Nikamnyang'anya mume wangu kalamu, nikaandika ninayoyajua. Ana hasira, huimeza. Anaogopa paka, husingizia udhu. Akiumwa hasemi, akipona hulalamika. Anatamani kuimba na hana sauti. Hajui kusema hataki, husema inshallah. Mwisho nikaandika na hili: sijui kama anampenda mkewe.

Loise akamsomea aliye ndani, neno kwa neno. "Ni kweli?"

"Yote ni kweli," akajibu, "ila la paka. Siwaogopi. Nawachukia."

Loise akasahihisha, akagonga muhuri. Lakini kibali cha geti kilikuwa cha Muhdhar mmoja. Ameingia mmoja, atoke mmoja. Tukatazamana sote watatu, na Muhdhar wangu, yule niliyekuwa naye miaka yote hii, akatabasamu.

"Haina neno, Mama Maisara," akasema. Ndivyo anavyoniita, kwa jina la binti yetu. "Mimi n'takaa humu. Kiti kipo."

Akaingia, akaketi, akauvuta mlango polepole asije akamsumbua mtu. Kontena likaandikiwa kurudi lilikotoka. Nililia, sikuona haya. Alikuwa amenikubalia kila kitu maishani, na hili pia akalikubali.

Nikapanda tuktuk na huyu mwingine. Tulipofika Mwembe Tayari sikuweza tena kujizuia.

"Baba Maisara, wanipenda?"

Yule wa zamani angejibu "sana" kabla sijamaliza kuuliza. Huyu akasema, "Ngoja nifikiri." Akafikiri. Dereva wa tuktuk akazima redio ili asikie. Tukashuka, tukapita vichochoroni, watu wakatusalimu, yeye bado yuafikiri. Tulipofika mlangoni nikatoa ufunguo.

"Nalianza mwaka wa saba," akasema. "Siku ulipoteleza ngazini na sinia la kaimati, ukakaa papo hapo ukala zilizobaki. Kabla ya hapo nalikuheshimu tu."

Miaka sita! Nilitaka kumkokota nimrudishe Kilindini kwa miguu. Miaka sita nimempikia, nimemfulia, nimemzalia, kumbe naheshimiwa! Lakini nilipokuwa nikitafuta tusi la kumfaa, nikajua nimemwamini. Hakuna mwanamume atakayetunga kaimati za ngazini ili kumfurahisha mke.

"Na wewe je?" akaniuliza.

Nikafungua kinywa niseme "tangu siku ya kwanza," kama nilivyozoea kuwaambia mashoga zangu wote. Badala yake nikasimama pale na ufunguo mkononi, nikafikiri kwa mara ya kwanza, mpaka jirani akatoka kuuliza kama tumefungiwa nje.

"Mwaka wa kumi na moja," nikamwambia.

"Wa kumi na moja!" akafoka, akaketi kizingitini kwa hasira, na mimi nikaketi pembeni yake.