Kilemba Mbele ya Kamera

Mjukuu wangu, umewahi kuona mtu mzima akimtwisha dada yake kosa lake mwenyewe, tena mbele ya mteja, bila hata kupepesa jicho? Mimi niliona. Wote wawili niliwazaa mimi, na hasira ile mpaka leo haijanitoka.

Studio ya video ni ya mjomba wako. Kazi yake kupokea wateja na kuvaa koti. Anayerekodi ni mama yako, na ana taratibu zake. Kabla hajaanza, anaweka karatasi nyeupe pale pale atakapokaa mtu, anaivuta karibu kwa kamera mpaka ijaze kioo chote, halafu anabonyeza kitufe na kungoja alama iache kuwaka na kuzima. Nilimuuliza ule ni uganga gani.

"Mama, jicho lako linajua karatasi ni nyeupe hata chini ya taa ya manjano. Kamera haijui. Lazima uionyeshe. Ukiionyesha uongo, inauamini."

Basi wakapata kazi ya kurekodi sherehe ya ukumbini ya kumuaga mwalimu mkuu aliyestaafu. Alimfundisha mama yako tangu darasa la kwanza, kwa hiyo nami nilialikwa. Nilikaa kiti cha mbele na kilemba changu cheupe, nimekifua mara mbili na kukisuuza kwa maji ya buluu ya kufulia ili king'ae. Mama yako anainama kutoa karatasi mkobani, mjomba wako huyo juu yake.

"Mwalimu ameshashika kipaza sauti, wewe unachambua makaratasi! Mama, nipe hicho kilemba."

"Kaka, hicho kina buluu," akasema mama yako.

"Buluu iko wapi? Kinang'aa kuliko karatasi yako! Bosi nani hapa?"

Akakivua kichwani mwangu, akakitandaza mbele ya kamera, akabonyeza kitufe kwa kidole chake mwenyewe. Kamera ikaamini ile buluu ndiyo nyeupe, ikasukuma kila kitu kwenye manjano. Mama yako aliona kwenye kioo, akaomba arudie. Akajibiwa, "Tutasafisha kwenye kompyuta."

Wakasafisha siku tatu. Manjano ikapungua, nyuso zikawa na kijivu cha majivu.

Siku ya nne nilikuwa studio, nimewapelekea chakula, mwalimu akaja kutazama. Gauni lake jeupe lilikuwa kama limechovywa kwenye chai. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mbona naonekana kama maiti? Miaka thelathini na minne nimefundisha, kumbukumbu yangu ndiyo hii?"

Mjomba wako akakunjua mikono. "Nisamehe sana, mwalimu. Ni huyu dada yangu, hajui hata nyeupe ni ipi. Leo ndiyo mwisho wake hapa."

Mama yako akaendelea kukunja waya. Anakunja tu! Nikasimama mpaka kiti kikaanguka.

"Wee! Kilemba ulinivua wewe. Kitufe ulibonyeza wewe. Huo mdomo wa kumsingizia umeuokota wapi?"

"Mama, usiniaibishe mbele ya mteja."

"Aibu umejiletea mwenyewe, mimi naitaja tu! Na wewe," nikamgeukia mama yako, maana naye alinichoma vilevile, "miaka sita hapa studio unameza maneno yake. Tumbo halijajaa?"

Mwalimu akainua mkono kama yuko darasani. "Mwacheni aseme mwenyewe."

Mama yako akaweka waya mezani. Akamgeukia mwalimu kwanza.

"Mwalimu, kesho tutarudi ukumbini, utasoma hotuba yako upya na nitairekodi inavyostahili. Na wewe kaka, sitaki kufukuzwa, wala sitaki pole yako. Nataka nikishika kamera, mkono wako usiiguse. Nikisema hatujawa tayari, hata awe amesimama nani, unangoja."