Kiwavi wa Baharini na Glovu za Pamba

Hakuna mdudu wa baharini anayeniweza mimi. Nilisema hivyo mwambani, mbele ya shangazi Setsuko na binamu yangu Hatsune, siku wanawake wa Okinawa tunaposhuka pwani kuondoa nuksi za mwaka. Miguu tulishaichovya, kazi ilikuwa kuokota konokono sasa.

"Wewe angalia vidole," alisema shangazi. "Jioni Mwalimu Yonamine anakuja kukusikia."

Mwalimu alikuwa anatafuta mpigaji mmoja wa sanshin, gambusi letu la nyuzi tatu, wa kuongeza kwenye kundi lake. Nafasi hiyo nilikuwa naiota hata nikisafisha samaki.

Nikavaa glovu za pamba, nikafunua jiwe. Chini yake alilala mnyoo wa urefu wa kidole, wa rangi ya waridi, na vishungi vyeupe ubavuni kama amevalia harusi. Nilipomgusa kwa kigae cha kombe alijikunja, na kila kishungi kikachanua, kikimetameta. Sijaona mnyoo mwenye maringo vile.

"Kiwavi wa baharini huyo. Mwache," alisema shangazi.

"Nina glovu."

"Hiyo glovu ina matundu kuliko chujio."

Nikamnyanyua. "Mnaona?" nikasema. Kisha vidole vya kushoto vikawaka moto.

"Amekuchoma?" aliuliza Hatsune.

"Wapi. Nimechoka kumshika tu."

Nikamrudisha taratibu, nikalaza jiwe kama lilivyokuwa, machozi yakinilenga. Nikajisugua kwa glovu, na hapo ndipo nilipojimaliza: glovu yenyewe ilikuwa imejaa vinyweleo vya vishungi vyake, nikawa najichomeka vingine upya.

Nyumbani nilijificha nyuma ya banda, nikabandika utepe wa gundi kidoleni na kuubandua. Ukatoka na vinyweleo. Niliuinua juani nikasahau maumivu. Kila kinyweleo ni bomba jembamba kuliko upupu, tupu ndani, kikavu kama chokaa. Hakirushwi. Kinangoja mjinga akibonyeze, kinazama, kinakatika, na ncha inabaki kwako. Kiwavi mwenyewe anatambaa pole pole, maana akimbie nini? Nikaurudia utepe hadi ngozi ikawa safi, lakini uvimbe ukabaki.

Jioni, baada ya wali wa maharage mekundu, nilichagua wimbo wa taratibu kuliko nyimbo zote. Hata hivyo kidole cha kati kilikataa kubana uzi.

"Sikukuu, na wewe unatupigia matanga," alisema Mwalimu Yonamine. "Kidole kina nini?"

"Nyuki, mwalimu."

Hatsune alikuwa anatafuna keki ya mchele. Akanyoosha vijiti vyake vya kulia. Vilikuwa vimeshika kipande cha utepe. "Nyuki wa wapi mwenye ndevu hizi? Nimemkuta nyuma ya banda."

Mwalimu akavaa miwani, akausogeza utepe kwenye taa. Akakaa nao muda mrefu kuliko alivyokaa na wimbo wangu.

"Kazi safi sana," akasema, na hakuwa anaisifu kazi yangu bali ya kiwavi. "Wewe nitakusikia tena uvimbe ukiisha. Nafasi itangoja. Ila niambie, ulimkanyaga au ulimshika?"

"Nilimgusa kwa bahati mbaya tu, mwalimu."

Shangazi Setsuko alikuwa anamimina chai, wala hakuinua macho.

"Alimnyanyua akatuonyesha," akasema. "Na kabla ya hapo alitutangazia kwamba hakuna mdudu anayemweza."