Mizizi Aliyoichimba Delphine

Delphine alipofika mbuga ya Weippe, ubuluu ulikuwa umeshaondoka. Mwezi uliopita maua ya kemesi, mmea wa buluu ambao mizizi yake huliwa, yalikuwa yametanda mpaka ungedhani ni ziwa. Sasa vilibaki vijiti vya mbegu katikati ya ndago na nyasi zilizoanza kukauka. Na kemesi haioti peke yake. Hukaa bega kwa bega na mmea mwingine wenye maua meupe na kitunguu kama chake ardhini, na huo ni sumu. Maua yakiwapo, hata mtoto hakosei. Yakishaanguka, watu hufunga vikapu na kurudi nyumbani.

"Dada, tumechelewa," Rosetta, mdogo wake, alisema. "Tupike viazi vya dukani."

"Viazi vya dukani, kwenye karamu ya mtoto kupewa jina? Mimi nilikuwa nachimba hapa wewe bado unakojoa kitandani."

Akachoma mtaimbo ardhini. Alikuwa ameshawatangazia watu wote wa kwao Lapwai kwamba kemesi italetwa na yeye.

Siku ya karamu mizizi ikaokwa shimoni kwa mawe ya moto, ikatoka myeusi na mitamu. Elwood, jirani aliyefiwa na mke na ambaye wote walimwita shemeji, alileta samaki aliyemkausha kwa moshi. Watu walikula na kucheka. Wageni walikuwa hawajaanza hata kuaga, Inez, shangazi yao Delphine na Rosetta, akaanza kutokwa na mate, akatapika, na miguu ikamlegea. Wakamkimbiza hospitali.

"Amekula nini?" daktari aliuliza.

"Samaki," Delphine akajibu upesi. "Samaki wa Elwood. Alikula sana."

Neno lile lilimtoka kabla hajalipima, na baada ya hapo hakulirudisha. Wanawake waliokuwa kwenye korido wakalidaka. Elwood alipoingia na kofia mkononi, mmoja akamvaa: "Wewe, huyo samaki ulimkaushia wapi, kwenye buti la gari?"

 Elwood alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, mbali na wenzake.  Rosetta alitazama vidole vya dada yake, ambavyo bado vilikuwa na tope jeusi kwenye kucha. Delphine akaviingiza chini ya shali. Akatamani mtu amtukane ili apate pa kuanzia kukiri.

Muuguzi akatoka. "Mapigo ya moyo yanazidi kushuka. Hatuelewi kwa nini."

Delphine akasimama. Mbele ya wote alisema: "Si samaki. Ni mizizi yangu. Nilichimba maua yameshaanguka, na kitunguu kimoja cha sumu kinatosha. Nilijua."

Muuguzi akarudi ndani mbio. Dawa ikabadilishwa, na kufikia jioni Inez alikuwa akilalamika kwamba mto ni mgumu. Watu walicheka kwa nafuu. Delphine hakuweza.

Alimfuata Elwood nje, kwenye gari lake.

"Shemeji..."

"Leo usiniite shemeji." Hakupandisha sauti. "Tangu mke wangu afe, kitu pekee ninachoweza kuwaletea watu ni samaki. Na hicho nacho ukakichukua."

"Nisamehe."

"Nimesikia," alisema, akawasha gari.

Mwaka uliofuata Delphine aliwahi mbugani maua yakiwa wazi. Hakuchimba hata kitunguu kimoja cha kula. Alipita ndani ya maji yaliyotuama mbugani akiing'oa ile mimea ya maua meupe, shina kwa shina, na kuitia guniani. Wanawake walipomwona walimtania: "Delphine, mmea wa buluu hauumi, usiuogope!" Inez, aliyekuwa ameketishwa kivulini, alicheka kuliko wote.

Gari la Elwood likapita barabarani. Delphine aliinua mkono uliojaa tope. Gari halikupunguza mwendo. Mkono ukabaki juu kidogo, kisha akainama tena.